Mgonjwa wa Jumanne

"Nimekufa mara kumi na tisa," Bibi Atuganile aliwaambia wanafunzi watatu waliozunguka kitanda chake, "na toka hapa mpaka ziwani hamtampata mtu aliyekufa mara nyingi kunishinda."

Wanafunzi wakatazamana, hawajui kama inawapasa kutoa pole au pongezi.

"Haya, kumi na sita," akasema. "Zile tatu nilikuwa nimesinzia. Wakaniandika marehemu kwa sababu sikoromi."

Aliyecheka ni mmoja tu, Yusta, mwanafunzi wa uuguzi, naye alicheka kwa pua, harakaharaka, kama mtu anayeiba. Shija, wa udaktari, alikuwa akirudiarudia kitu kimoyomoyo, midomo ikimcheza kama ya mtu anayesali. Mwantumu, wa famasia, alikuwa akifuta miwani yake kwa pindo la ushungi, na miwani yenyewe ilikuwa safi tangu mwanzo.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na ukungu wa mashamba ya chai ulikuwa bado umeegemea madirisha ya chuo. Kila Jumanne, Jumatano na Ijumaa Bibi Atuganile alipanda kilima kile kuja kuumwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka sitini na tisa, mjane, meno yote ya mbele yapo isipokuwa yale ambayo hayapo, na magonjwa aliyajua kuliko wengi walioyapata bure.

"Shingo, Bibi," akasema Yusta. Akaisugua kwanza mikono yake mapajani mpaka ikapata moto, ndipo akamgusa. Katika miaka sita ya kuugua, Bibi alikuwa ameguswa na mikono isiyo na idadi, na huyu ndiye pekee aliyekumbuka kwamba Rungwe ni baridi. Akambandika kiraka chini ya kisogo.

Kiraka chenyewe ni kitu kidogo, kama gamba la samaki. Wataalamu wanakieleza kwa maneno marefu. Kwa maneno mafupi, kinauongopea mwili. Kinaiambia mishipa ya fahamu: una homa, na ngozi inapata moto. Kinasema: pafu la kulia limejaa, na pumzi inakatika. Ugonjwa haupo, ila mateso yapo, na jasho lipo. Kikibanduliwa, unaamka unaulizia chai.

Lakini hakibanduliwi ovyo. Ubavuni mwa kitanda kuna bamba la chuma lenye vishimo vitatu. Wanafunzi watatu wakubaliane juu ya ugonjwa na juu ya dawa, kisha kila mmoja aweke kidole gumba chake kwenye kishimo chake, wote kwa pamoja. Mmoja akiwa na shaka, bamba linaisikia kwenye damu ya kidole chake na linakataa. Dakika arobaini zikiisha hawajapatana, kiraka kinadondoka chenyewe, taa nyekundu inawaka, na mgonjwa anahesabiwa amekufa.

Halafu kuna ujanja wa miwani. Miwani ya mwanafunzi wa udaktari inamwonyesha moyo na mapafu, basi. Ya muuguzi inamwonyesha ngozi, joto, mkojo, na inamwandikia kila neno la mgonjwa. Ya mfamasia inamwonyesha dawa zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtihani na jinsi zinavyogombana. Hakuna anayeona mgonjwa mzima. Ukitaka kumwona mzima, sharti ufungue mdomo umwulize mwenzako.

Hayo yote yaliletwa na vilio. Zamani kidogo iligundulika kwamba wagonjwa walikuwa wanakufa huku anayejua dawa yao amesimama palepale, amenyamaza. Daktari alijua theluthi, muuguzi theluthi, mfamasia theluthi, na kila mmoja aliona haya kumwuliza mwenzake, au aliona kumwuliza ni kujishusha. Ikaamuliwa kwamba hakuna mwanafunzi atakayemgusa mgonjwa wa kweli kabla hajafaulu chumba hiki, tena akiwa na wenzake wa fani nyingine. Ukianguka mara tatu, unafunga sanduku.

Yusta alikuwa ameshaanguka mara mbili.

"Dakika zinaanza," ilisema sauti ya Mwalimu Lwitiko kutoka nyuma ya kioo cheusi. Kiraka kikaanza kunong'ona, na Bibi Atuganile akaanza kuumwa.

*

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaanza kuumwa kabla.

Moyo wake ulikuwa na tabia mbaya. Kwa miaka miwili ulikuwa unaruka mapigo, unadunda mawili ya haraka, unasita, kama mlevi anayeshuka ngazi. Daktari wa mji mwingine, mbali na macho ya chuo, alimpa vidonge vidogo vyeupe: nusu kila siku, usizidishe hata ukiota ndoto. Na chuoni hakusema. Langoni kulikuwa na tao linalosikiliza moyo wa kila mgonjwa wa kuigiza kabla hajapanda, na kanuni ilikuwa moja: mwenye ugonjwa wa kweli haruhusiwi kuvaa wa uongo. Anafutwa jina siku hiyohiyo.

Sasa afutwe, akakae wapi? Nyumbani kulikuwa na kuku wanne na redio. Mtu wa mwisho kumshika mkono bila kuhitaji kitu alikuwa marehemu mumewe, na hata huyo alikuwa anatafuta miwani yake. Huku kilimani, siku tatu kwa juma, watu watatu walisimama kubishana juu ya mwili wake kwa jasho na machozi, kana kwamba ni mwili wenye maana.

Kwa hiyo juma lililopita, moyo ulipozidi kulewa, alijiongezea. Nusu ikawa kimoja, kimoja kikawa viwili. Moyo ukatulia kweli. Siku ya tano, leo, tao la langoni lilimsikiliza likanyamaza, likamwuliza kama ametumia dawa yoyote, naye akabonyeza Hapana. Akapita akijisifu moyoni.

Sasa alikuwa amelala chali, na kichefuchefu kilikuwa kinampanda kooni taratibu. Karatasi ya leo ilikuwa nimonia. Nimonia aliijua kama jikoni kwake. Haina kichefuchefu cha namna hii. Akafumbua macho kumtazama Mwantumu, akaona koti lake jeupe limekuwa la njano. La Shija njano. Dari njano. Hata ukungu wa dirishani ulikuwa umegeuka rangi ya ndizi mbivu.

"Mbona leo mmevaa manjano?" yalimtoka mdomoni kabla hajaufunga.

Yusta akainamisha kichwa. "Umesemaje, Bibi?"

"Nimesema nina kiu, mjukuu wangu."

*

Lazima hapa isemwe dhambi yake ya pili, kwa sababu ndiyo iliyomfunga kamba. Bibi Atuganile alikuwa anawavujishia wanafunzi.

Si kwa maneno. Maneno yananaswa. Akiona wanafunzi wanapotea, alikuwa anakohoa mara mbili, maana yake tazameni mapafu. Akigusa goti, mwulizeni muuguzi. Akiweka kiganja kifuani, mko njiani, endeleeni vivyo hivyo. Siri hiyo ilikuwa inarithishwa bwenini kama sufuria, mwaka hadi mwaka, na kila mwanafunzi wa kilima kile aliijua isipokuwa walimu. Aliifanya kwa mapenzi, na kidogo kwa utundu. Mtu anayekufa mara kwa mara anahitaji burudani.

Dakika ya kumi na tisa kitu kizito kiliketi kifuani mwake. Hakikuwa cha kiraka. Kiraka kina adabu, kinaongezeka polepole. Hiki kilikuja kama mgeni asiyebisha hodi. Moyo ukadunda, ukakaa. Akasubiri. Ukakaa bado. Ukadunda tena, kwa mbali, kama mtu anayetwanga kwenye kijiji cha jirani.

Akaogopa. Kwa hofu ya kweli mtu hafikirii. Akaweka kiganja kifuani.

Uso wa Shija ukang'aa. "Mmeona?" alinong'ona. "Tuko njiani. Nimonia ya pafu la kulia. Mwantumu, toa dawa, tuweke vidole."

Bibi akatikisa kichwa. Akakandamiza kifua kwa mikono yote miwili.

"Ehe, hata mikono miwili!" akasema Shija. "Leo Bibi ametupenda kweli."

Hapo ndipo alipoielewa hali yake. Kwa miaka sita alikuwa amewafundisha watoto hawa lugha ya mikono, na katika lugha ile hakukuwa na neno la "nakufa."

Lilikuwepo neno moja la mdomo. Mgonjwa akisema "Naacha," kila kitu kinasimama, mlango unafunguka, waganga wa kweli wanaingia mbio. Na wanafunzi wanaandikwa wameanguka. Mashine haiulizi kwa nini. Zamani ilikuwa inauliza, mpaka wazee wa kilimani, na Bibi Atuganile hakuwa wa mwisho kati yao, wakawa wanasema Naacha ili kuwaokoa wanafunzi wanaowapenda dakika ya thelathini na tisa. Basi ikawekwa kanuni isiyo na masikio. Wanafunzi nao walikuwa na kamba nyekundu mlangoni: ukiivuta, umeanguka, wewe na wenzako.

Na mgonjwa akiwa anaumwa kweli? Kanuni ilikuwa kimya. Waliona haina haja. Si kuna tao langoni?

Neno lilikuwa ulimini. Akamtazama Yusta, koti la njano, uso wa njano, mikono miwili imeshikana kwa kuomba. Akilisema, msichana huyu anafunga sanduku leo, anarudi kwao Ludewa, na wenye kupasha mikono wanakuwa wamekwisha kilimani. Asipolisema, zimebaki dakika ishirini. Akajiambia, nishavumilia kuzaa watoto wanne bila dawa, dakika ishirini ni nini? Nitashuka, nitalala, nitatapika, yataisha.

Uongo mtamu kuliko wote ni ule unaojiambia ukiwa chali.

*

"Subirini," akasema Yusta.

"Nini tena?" Shija alikuwa ameshaweka kidole kwenye kishimo chake.

"Amesema tumevaa manjano."

"Amesema ana kiu. Miwani yako imeandika kiu, au haikuandika?"

"Imeandika yote mawili. La kwanza manjano."

Shija akapumua kwa nguvu. "Yusta, dada yangu, nakuomba. Zimebaki dakika kumi na sita. Ugonjwa tunao. Ishara tumepewa. Unataka kuanguka mara ya tatu kwa ajili ya rangi?"

Yusta akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomwangusha mara zile mbili, na Bibi alilijua hilo, maana mara moja katika hizo alikuwa yeye mgonjwa. Msichana anaona, anajua, anameza. Bibi alitamani amfinye.

"Vidole gumba," akasema Shija.

Wakaweka. Bamba likalia mlio mbaya, kama mbuzi aliyekanyagwa. Limekataa.

"Nani ana shaka?" Shija akafoka.

"Mimi," akasema Yusta, kwa sauti ndogo.

"Na mimi," akasema Mwantumu. Alikuwa hajasema neno tangu mwanzo, na sasa alisema kwa utulivu wa mtu wa Pangani anayekwambia nguo yako imechanika. "Kaka Shija, mapigo mangapi?"

"Ya nimonia."

"Nimonia si namba."

"Kiraka kimechoka, Mwantumu. Vinachoka. Wiki iliyopita cha Mzee Ambakisye kilimpa kifaduro badala ya malaria."

"Nakuuliza namba, kaka yangu. Kuniambia hakukupunguzii udaktari."

Shija akageuza uso. Jasho lilikuwa linamshuka kando ya sikio, na hakuwa na kiraka. "Kiraka kinatakiwa kumpa mia na ishirini," alisema. "Mwanzo niliona hamsini. Sasa…" Akatazama tena, na sauti yake ikapungua. "Sasa thelathini na nane."

"Tangu mwanzo uliona hamsini ukakaa nayo?"

"Haikuingia kwenye nimonia!"

"Basi ingeingia wapi, kama hukuitoa?"

Kutoka nyuma ya kioo, Mwalimu Lwitiko akasema, "Dakika kumi na moja," kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kusema kingine.

Yusta akavuta kiti, akaketi usawa wa uso wa Bibi. Akaivua miwani yake ya mtihani akaiweka sakafuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika chumba kile.

"Bibi," akasema. "Simwulizi mgonjwa wa kwenye karatasi. Nakuuliza wewe, Atuganile, mama wa watu. Unaumwa?"

"Naumwa nimonia, mwanangu. Ndiyo kazi iliyonileta. Vaa miwani yako, watakukata alama."

"Asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Umemeza nini?"

"Uji huohuo. Kwani ulitaka niutafune?"

Hata Shija aliguna. Bibi akajaribu kutabasamu, na kichefuchefu kikamjia kwa nguvu mpaka akageuza kichwa akatapikia beseni alilolishika Yusta. Uji haukuwamo. Yalikuwa maji matupu. Alipojilaza tena, mapengo kati ya pigo na pigo yalikuwa marefu kiasi kwamba katika kila pengo aliweza kuaga mtu mmoja.

"Tuvute kamba," akasema Yusta.

"Tukivuta na yeye ni mzima, tumeanguka sote bure," Shija akasema, safari hii bila ukali, karibu kulia. "Mama yangu ameshawaambia watu wa kanisani kwamba ana daktari. Bibi, tafadhali. Sema ukweli tu. Ukisema unaumwa kweli, naivuta mimi, kwa mkono wangu huu."

Na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Angesema ndiyo, na yule kijana angeivuta kweli, alimwona machoni. Watatu wangeandikwa wameanguka, Yusta angefunga sanduku, na kanuni isiyo na masikio isingeuliza. Na yeye jina lake lingefutwa kabla ya saa sita, abaki na kuku wanne na redio. Ama wao, ama yeye. Ama labda dakika tisa zingepita tu, kama dakika nyingine zote zilivyopita.

"Niko salama," akasema Bibi Atuganile. "Hicho kiraka ndicho kibovu. Wekeni vidole vyenu, semeni nimonia, mniache nikanywe chai. Na wewe Yusta, ukilia utanilowesha shuka."

Yusta hakuondoka kwenye kiti. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Bibi kwa vidole vitatu, bila mashine, kama walivyokuwa wakifanya watu wa zamani, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Mwantumu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkononi ameshika kitabu cha kuandikia dawa. "Zipo dawa za moyo," alisema polepole, kama anaongea peke yake, "mtu akizizidisha, moyo unapoa, tumbo linakataa chakula, na dunia yote anaiona njano. Lakini kwenye miwani yangu hazimo, maana hazimo kwenye karatasi. Na yeye anasema hakumeza." Akachana ukurasa mmoja kitabuni, akausogeza mbele ya uso wa Bibi. "Bibi yangu wee, nisaidie jambo dogo tu, nami nitaweka kidole changu. Hii karatasi ina rangi gani?"

Bibi Atuganile akaitazama. Ilikuwa njano, kama dari, kama makoti, kama kila alichokiona tangu dakika ile ya kwanza. Akaupima mtego, akauona ulivyotegwa, akaona haya kwa ajili ya yule binti. Yaani walidhani atanaswa kirahisi hivyo, yeye aliyeanza kuongopa kabla bibi zao hawajazaliwa? Karatasi ya kuandikia inajulikana rangi yake dunia nzima.

"Nyeupe," akasema, kwa sauti iliyonyooka. "Nyeupe pee, kama pamba."

Mwantumu hakuirudisha. Akakiinua kitabu kwa mkono wa pili, akakifungua pale alipochana, wote wakaona: ukurasa wa mgonjwa, na chini yake kipande kilichobaki cha nakala ya duka la dawa.

"Nyeupe ni ya juu, Bibi," akasema. "Hii ni nakala. Ni ya njano. Mtu mwenye macho mazima angeniambia ni ya njano."

Shija alikuwa ameshafika kwenye kamba. Mkono wake ulikuwa juu yake, haujavuta, anamtazama Bibi.

"Vingapi?" akauliza Yusta.

Bibi Atuganile akalamba midomo. Moyo ukadunda, ukakaa.

"Nusu," akasema.

Yusta aliendelea kushika mkono wake, na Mwantumu aliendelea kuishika ile karatasi ya njano mbele ya macho yake, wakisubiri namba ya kweli.